Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Tunasomea mawasiliano ya biashara bila kuandika

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Kupitia kwa: Umma, baada ya njia ya kawaida kushindikana

Dar es Salaam

YAH: SHAHADA YA KWANZA YA MAWASILIANO YA BIASHARA

Profesa, shikamoo.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika shahada hiyo. Ninayoyaandika hapa si yangu peke yangu. Yamejadiliwa darasani, hosteli na kwenye kundi letu la WhatsApp mpaka wengine wakachoka na kunyamaza. Jina la chuo silitaji. Wewe utajijua, na Idara itajijua. Wasomaji wa vyuo vingine huenda wakadhani ninasema chao, na wakidhani hivyo sitawakatalia.

Haya ulipaswa uyasome ndani ya faili. Mwezi Machi viongozi wa darasa walimwandikia barua Mkuu wa Idara, nakala kwa Amidi. Masjala iligonga muhuri wa kupokea, na nakala yetu tunayo, ina muhuri wa bluu na saini ya aliyepokea. Barua ile ilifuata kila tulichofundishwa: kumbukumbu namba, YAH, aya ya kwanza inayosema kwa nini tunaandika, aya ya mwisho inayosema tunaomba nini. Haikujibiwa. Tulipofuatilia tukaambiwa faili limepanda juu. Tulipopanda tukaambiwa limeshuka. Baadaye Amidi alitukaribisha ofisini kwake, akatusikiliza kwa upole, na tunamshukuru kwa hilo. Akasema suala litafanyiwa kazi. Muhula ukaisha. Fomu za kutathmini kozi tulijaza kama kila muhula, na kama kila muhula hakuna aliyetuambia zilisema nini.

Sipendi usome barua hii kama ya mtu anayeichukia kozi yake. Somo hili nalipenda. Biashara nyingine hazifi kwa kukosa mtaji, zinakufa kwa watu wasioelewana: meneja aliyetangaza mabadiliko ya mishahara vibaya, kampuni iliyojibu malalamiko ya mteja kwa kejeli, mkataba ambao kila upande uliusoma kivyake. Mtu anayejua kuandika na kusema anaokoa fedha nyingi, na nchi hii inamhitaji. Ndiyo maana hali ninayoieleza hapa chini inaniuma.

1. Hatuandiki

Hili ndilo kubwa. Kama una dakika chache, Profesa, soma hili peke yake.

Tangu mwaka wa kwanza kozi zetu karibu zote zinapimwa kwa namna moja: majaribio mawili, kazi moja ya kikundi, halafu UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Majaribio ni ya kuchagua herufi. UE inataka utaje na ueleze vizuizi saba vya mawasiliano, ujadili umuhimu wa mawasiliano katika taasisi, utofautishe mawasiliano rasmi na yasiyo rasmi. Ukipata desa, yaani zile notsi za kurithishana, la mwaka juzi na usiku mmoja wa kutolala, umemaliza. Mtu anaweza kupata A katika kozi ya uandishi wa biashara na hajaandika barua hata moja. Nawajua waliopata, na wao wenyewe wanacheka. Fundi cherehani hafundishwi kwa kutajiwa aina saba za vitambaa. Anapewa kitambaa akate, akikosea anafumua.

Kazi ya kikundi ina kurasa kumi na tano na watu kumi. Wawili wanaandika, mmoja anachapa, mmoja anachangisha hela ya kuprinti, waliobaki wanatuma namba zao za usajili ziwekwe kwenye jalada. Siku hizi hata wale wawili wamepumzika, maana akili mnemba inatoa kurasa kumi na tano kabla chai haijapoa, na kwa kuwa hakuna anayezisoma mpaka mwisho, hakuna anayeshtuka. Chuo kimetoa waraka wa kukataza. Waraka hautazuia kitu. Mwalimu anayejua mwanafunzi wake huandika vipi atatambua mara moja maandishi yasiyo yake, lakini atajuaje ikiwa hajawahi kuyasoma?

Halafu kazi hazirudi. Zikirudi, zinarudi kama namba kwenye mfumo: 27 kati ya 40. Hakuna mstari chini ya sentensi iliyopinda, hakuna neno pembeni la kukuambia kwamba hapa umemtisha mteja bila kukusudia, au kwamba ombi lako limefichwa aya ya nne ambako hakuna bosi atakayefika. Mwaka wa kwanza sote tunachora kile kielelezo cha Claude Shannon: mtumaji, njia, kelele, mpokeaji. Shannon alikitoa mwaka 1948 akiwa mtafiti wa maabara za Bell, kampuni ya simu, na shida yake ilikuwa namna ya kupitisha ishara kwenye waya bila kuharibika. Barua ya madai na kikao cha wafanyakazi havikuwa kichwani mwake. Darasani hilo halisemwi. Kinachosemwa, na kinachotoka kwenye UE karibu kila mwaka, ni kwamba waliomfuata waliongeza mrejesho, kwa kuwa mawasiliano yasiyo na mrejesho ni ya upande mmoja. Tunaliandika hilo kwenye vijitabu vya majibu, tunapewa alama zake, na kijitabu hatukioni tena.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) krediti moja ni saa kumi za kujifunza. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, na kwenye mtaala wetu saa hizo zimegawanywa: mihadhara, semina, kazi binafsi, vitendo. Semina zipo kwenye ratiba. Chumba kimeandikwa, saa imeandikwa. Ukifika unakuta watu wa Uhasibu wamekaa wanamsubiri mwalimu wao.

Najua jibu litakalokuja: wanafunzi wengi, walimu wachache. Ni kweli kabisa. Nimemwona mwalimu akipaza sauti mbele ya watu zaidi ya mia mbili na kipaza sauti kibovu, na sina ugomvi naye. Lakini tufanye hesabu. Tuseme darasa lina watu 240, vikundi 24. Kila kikundi kikileta kurasa 15, mwalimu ana kurasa 360 za kusoma. Kila mwanafunzi akileta barua ya ukurasa mmoja, ana kurasa 240. Barua ya ukurasa mmoja mwalimu mzoefu anaisahihisha kwa dakika tano, alama na mistari miwili mitatu ya maoni. Jumla ni dakika 1,200, yaani saa 20. Akisaidiwa na wakufunzi wasaidizi wawili, kila mmoja ana chini ya saa saba. Kwa kila kazi moja, tunachoomba ni kidogo kuliko kile ambacho karatasi zinadai kinafanyika sasa.

Na kimewahi kufanyika. Mwaka wa pili tulipata mwalimu wa muda aliyetoka kwenye ajira ya sekta binafsi. Kila wiki alitaka nusu ukurasa: kataa ombi la mkopo, omba radhi kwa kuchelewesha mzigo, tangaza kuhama kwa ofisi. Kila wiki zilirudi. Wino mwekundu ulikuwa mwingi mpaka watu wakawa wanalinganisha nani kachorwa zaidi. Kozi ile ilikuwa saa moja asubuhi, na bado ukichelewa ulikuwa unasimama. Mkataba wake haukuongezwa. Sijui sababu na siitafuti. Nasema tu kwamba tulishaona inawezekana.

2. Biashara inafanyika kwa Kiswahili, sisi hatukifundishwi

Likizo ya mwaka wa pili nilifanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Wiki ya kwanza msimamizi aliniita mimi na mwenzangu wa chuo kingine. Kontena la mteja lilikuwa limekwama bandarini kwa kasoro kwenye nyaraka. Siku za bure zilikuwa zinaisha. Baada ya hapo storeji, yaani gharama ya kontena kukaa bandarini, inahesabiwa kila siku, na mlipaji ni mteja. Mteja mwenyewe ni mama mwenye duka la vitenge Kariakoo, amekuwa na ofisi ile miaka mingi. Aandikiwe, na ujumbe uende kwa WhatsApp. Kwa Kiswahili.

Itazame kazi hiyo kwa karibu, Profesa, kwa sababu karibu shahada yetu yote imo humo. Kasoro ni ya nani? Kama ni ya aliyeuza mzigo huko ulikotoka, unasemaje bila kuonekana unamkimbia mteja? Kama ofisi yako ina mkono wake, unakiri kiasi gani kabla mwanasheria hajapitia? Kiasi cha pesa unakitaja mstari wa kwanza, au unamtayarisha kwanza? Unamwita Ndugu Mteja, au Mama, au kwa jina la duka? "Tunasikitika kukutaarifu" ni maneno ya benki inayokuja kuchukua nyumba. Mtu akiyaona anashika kifua. Ukianza na salamu ndefu, naye ni mfanyabiashara, anajua kuna kitu unazunguka.

Msimamizi wetu, ambaye hajawahi kusomea mawasiliano popote, aliandika rasimu mwenyewe kwa kalamu nyuma ya bahasha. Salamu, mstari mmoja. Kontena limefika salama. Karatasi moja ina kasoro na tumeanza kuifuatilia tangu asubuhi. Siku za bure zinaisha Ijumaa, na kuanzia Jumamosi gharama kwa siku ni kiasi hiki. Naomba nikupigie saa nane tuelewane. Basi. Yule mama hakusubiri saa nane, alipiga yeye, na alikuwa mtulivu.

Katika miaka yote mitatu hatujapewa kazi ya namna hiyo. Kozi zetu zina barua za kuagiza bidhaa kwa Bwana Smith wa Manchester.

Wateja wengine wa ofisi ile walikuwa Lubumbashi, kwa kuwa mizigo mingi ya Kongo inapita bandari ya Dar es Salaam. Hao hawaandiki. Wanatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, Kiswahili chao cha huko kikiwa kimechanganyika na Kifaransa, na mtu wa ofisini anatakiwa aupunguze uwe mistari mitatu ya maelekezo kwa kijana aliye bandarini juani. Kusikiliza, kuchuja, kuandika upya kwa ufupi bila kupoteza namba ya kontena. Ni stadi, inafundishika, na kwetu haimo kwenye kozi yoyote.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi na namna zinavyokusanywa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuzungumza nao viwanja vya Mnazi Mmoja. Nchi nzima ilifuatilia. Mfanyabiashara mmoja baada ya mwingine alishika kipaza sauti akajenga hoja, na Serikali ikajibu pale pale. Maduka yakafungwa tena Juni 2024. Kati ya tarehe hizo mbili kuna swali ambalo mwanafunzi wa mawasiliano ya biashara angeweza kulifanyia utafiti wa mwaka mzima: yaliyosemwa yalieleweka vipi na kila upande, na nani alitakiwa kurudi kuwaeleza watu yalipofikia? Malighafi yote iko kwa Kiswahili. Sisi tukaandika ripoti za utafiti kuhusu umuhimu wa mawasiliano katika taasisi.

Au chukua tozo za miamala ya simu za Julai 2021. SMS moja ina nafasi ya herufi 160. Ndani ya hizo mweleze mteja kwamba makato yameongezeka, kwamba nyongeza hiyo ni tozo ya Serikali, na kwamba huduma inaendelea kama kawaida. Uandike kwa lugha ambayo kitenzi kimoja kama "tutakapowajulisha" kinakula nafasi kumi na saba kabla hujasema lolote. Septemba mwaka huohuo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, ujumbe ukatakiwa uandikwe upya kwa watu ambao tayari wana hasira. Jaribu, Profesa. Ni zoezi zuri kuliko maswali yote ya UE niliyowahi kufanya, na halihitaji maabara.

Hapa nitaambiwa kwamba lugha ya kufundishia vyuo vikuu ni Kiingereza. Naijua hiyo, na siombi Kiingereza kiondolewe. Chetu chenyewe kinahitaji mazoezi mengi zaidi. Rudi namba moja. Ninachoomba ni chuo kikitambue Kiswahili kuwa lugha ya kazi ambayo mhitimu wa shahada hii lazima aiandike kitaalamu. Kukizungumza tangu utotoni hakumwezeshi mtu kuandika barua ya madai, notisi ya kusitisha mkataba au taarifa kwa vyombo vya habari. Na tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya kuendeshea mashauri, kwa hiyo barua ya madai iliyoandikwa ovyo leo inaweza kusomwa na hakimu kama ilivyo, neno kwa neno.

Nitaambiwa pia waajiri wanataka Kiingereza. Kwenye tangazo la kazi, ndiyo. Kwenye meza ya kazi nimeeleza nilichokiona.

3. Mifano ya mbali, madesa ya zamani

Kila mwaka mfano wa mawasiliano wakati wa janga ni ule ule: Johnson & Johnson na vidonge vya Tylenol, Chicago, 1982. Watu saba walikufa baada ya mtu asiyejulikana kutia sayanaidi kwenye vidonge, na kampuni ikaondoa sokoni chupa zinazokadiriwa milioni 31. Ni mfano mzuri, na nisingependa ufutwe. Lakini mwaka ule hakuna mpita njia aliyekuwa na kamera mfukoni.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki, 24 wakanusurika, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia. Picha za mkia wa ndege juu ya maji zilikuwa kwenye simu zetu asubuhi ileile. Pale ndipo mahali pa kujifunzia. Taarifa ya kwanza itoke saa ngapi wakati familia zimeshaona picha? Azungumze nani kwanza, shirika au mkuu wa mkoa? Idadi itajwe lini, na ikibadilika isahihishwe vipi? Ndugu waambiwe kwa simu ya nani kabla ya jina kutangazwa? Hata mhadhara mmoja haujagusa siku ile, na darasani kwetu wapo watu wa Kagera.

Desa la Mawasiliano ya Ofisini bado lina sura nzima ya teleksi na faksi. Halina hata ukurasa juu ya kuwahudumia wateja kwa WhatsApp, wala juu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inamhusu kila anayeshika orodha ya namba za wateja. Mhitimu wetu ataajiriwa, atapewa namba elfu tano awatumie watu tangazo, na hatajua kama anaruhusiwa.

Jibu tulilopewa kwa mdomo kuhusu hili ni kwamba mtaala umeidhinishwa na TCU na hauguswi. Tumeusoma mtaala. Unataja umahiri ambao mwanafunzi aupate. Hautaji Tylenol wala teleksi. Mifano anaichagua mwalimu. Na kuhusu mtaala wenyewe, nchi ilikopa Benki ya Dunia dola milioni 425 mwaka 2021 kwa mradi wa HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, na moja ya kazi za mradi huo ni kuhuisha mitaala ya elimu ya juu kwa kuwashirikisha waajiri. Kama mitaala inahuishwa nchi nzima, wetu hauwezi kuwa msahafu.

4. Fildi

Wiki nane. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja, akija. Anauliza kama unawahi kazini, anasaini daftari, anaondoka kuwahi foleni. Ripoti ina sura ya historia ya taasisi, sura ya muundo wake na sura ya changamoto, na mbili za kwanza wengi wanazitoa kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Hakuna mahali pa kuambatisha hata barua moja uliyoandika ukiwa kule. Pawekwe. Hoja yote ni hiyo.

5. Nani analipia

Wengi wetu tunasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Tukiajiriwa tutakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Wengine wamesomeshwa na wazazi waliouza ng'ombe au shamba. Sisemi chuo ndicho kitoe ajira. Hakuna chuo kinachoweza kuahidi hivyo. Ila kwenye usaili mtu anapowekewa karatasi na kuambiwa andika barua kwa mteja aliyelalamika, dakika ishirini, isiwe ndiyo mara yake ya kwanza.

Wapo watakaosema wanafunzi wa siku hizi ni wavivu, wanadesa tu na kusubiri bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo. Wavivu wapo, hawakuanza leo. Lakini desa linafaulisha kwa sababu mtihani haubadiliki. Badilisheni mtihani mwone litakavyokosa mnunuzi pale stesheneri.

Tunachoomba

Tumepanga maombi kwa kuanza na yasiyohitaji fedha wala kikao kirefu.

Kuanzia muhula ujao, katika kila kozi ya uandishi, kazi ya kikundi ibadilishwe ziwe kazi mbili za mtu mmoja mmoja, ukurasa mmoja kila moja, zirudi ndani ya wiki tatu zikiwa na maoni ya maandishi. Ya pili iwe ni ile ya kwanza iliyoandikwa upya, ili mwalimu aone kama maoni yake yamefanya kazi. Zile semina zilizo kwenye ratiba zifanyike, kwenye vyumba visivyo na watu wa Uhasibu.

Ripoti ya fildi iambatishwe maandishi matatu aliyoyaandika mwanafunzi kazini, majina ya wateja yakiwa yamefutwa, na yapewe alama.

Idara iwaite waajiri wachache, wakala wa forodha, benki, kampuni ya simu, halmashauri, pamoja na wawakilishi wa wanafunzi, wakusanye visa na nyaraka za hapa nchini za kufundishia. Naamini wapo watakaotoa bure. Msimamizi wangu wa fildi alisema ana faili zima la barua zilizomharibikia na yuko tayari kulileta.

Ianzishwe kozi ya Uandishi wa Biashara kwa Kiswahili. Tunaelewa kozi mpya lazima ipite Seneti na ina safari yake, kwa hiyo kwa kuanzia iwe warsha ya hiari, saa mbili kwa wiki. Walimu wa Kiswahili wapo chuo hikihiki, jengo la pili kutoka letu, na nilipomuuliza mmoja wao alishangaa kwamba hajawahi kuombwa.

Mwisho, barua ya Machi ijibiwe kwa maandishi. Jibu la hapana tutalipokea, mradi kila hapana iwe na sababu yake.

Sisi wa mwaka wa tatu haya hatutayafaidi. Yakianza kutekelezwa tutakuwa tumeshavaa joho. Viongozi wa darasa wako tayari kukaa na Idara wiki yoyote kabla ya mitihani, na wameandaa sampuli kumi za kazi za ukurasa mmoja pamoja na namna ya kuzitolea alama, ili mwalimu asianzie sifuri. Jibu likiwa tayari, naomba libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa Kitivo na nakala wapewe viongozi wa madarasa yote matatu.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi, mwaka wa tatu
Shahada ya Kwanza ya Mawasiliano ya Biashara

Nakala:
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma
Amidi wa Kitivo
Mkuu wa Idara
Waziri wa Elimu, Serikali ya Wanafunzi